Mshahara wa Msaidizi wa Panya

Mkuu wa kituo aliweka faili mezani, akalisukuma kwa kidole kimoja kama mtu anayerudisha sahani ya kiporo.

"Jioni hii lifike kwa mwendesha mashtaka," alisema. "Kesho asubuhi huyo dada anasimama kizimbani. Chuo kimetoa jina, benki imetoa jina, na majina yamekubaliana. Unataka nini tena?"

"Nataka kumuuliza swali."

"Si ulimuuliza jana kutwa?"

"Jana nilimuuliza habari za wizi. Leo nataka kumuuliza habari za kazi."

Mkuu wa kituo alimtazama, akatazama faili, akapiga miayo iliyodumu muda wa kutosha mtu kuoga. "Una hadi jioni, Sindano. Baada ya hapo mimi sikujui."

Sindano lilikuwa jina la kazini. Wageni walidhani ameitwa hivyo kwa sababu ya wembamba, maana akisimama pembeni mwa mlingoti wa bendera watu waliusalimia mlingoti. Waliowahi kuhojiwa naye walijua sababu nyingine: swali lake hulisikii likiingia, unalisikia likitokea upande wa pili.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti viwili, na feni iliyozunguka taratibu mno hata nzi walipanda na kushuka bila kuisimamisha. Mhasibu wa ofisi ya ruzuku alikuwa amekaa, viganja juu ya meza. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, blauzi ileile ya jana, kola bado imenyooka.

"Tuanze upya, dada," alisema Sindano. "Nichukulie mimi ni mjinga."

"Hilo si gumu, afande." Kisha akainamisha macho. "Samahani."

"Usiombe radhi, umenirahisishia. Chuo chenu kina utafiti wa panya. Mfadhili anatoa pesa. Kwa mwaka mmoja na zaidi kuna msaidizi wa utafiti anayelipwa kwa pesa hizo. Nafasi namba tisa, kazi yake kupima uzito wa panya. Hakuna mtu maabara aliyewahi kumwona, wala panya. Mshahara wake unaingia kwenye akaunti ya mama yako mzazi, na nafasi yenyewe ilifunguliwa kwa neno lako la siri. Hapo nimekosea wapi?"

"Hujakosea. Ila si mimi."

"Basi nieleze kazi yenu. Kikomo ni nini?"

Kwa mara ya kwanza tangu jana, sauti ya mhasibu ilikaa sawa.

"Mfadhili hataki pesa yake itajirishe maprofesa. Anaweka kikomo cha mshahara. Mtafiti awe bingwa wa dunia nzima, kwa pesa ya mfadhili hapati zaidi ya hapo kwa mwezi. Mwaka jana kikomo kilikuwa milioni tano. Januari hii wamekipandisha, ni tano na nusu."

"Na profesa mwenye mshahara mkubwa kuliko hapo?"

"Kinachozidi ni mzigo wa chuo. Chuo kitoe mfukoni mwake chenyewe. Ni marufuku kukipenyeza kwenye ruzuku kwa mlango wowote."

"Na chuo huwa kinatoa?"

"Fungu la nyongeza liko kwa Mkurugenzi wa ruzuku, muulizeni yeye. Sisi tunaona mpaka kwenye kikomo. Juu ya hapo hatuoni, ni kama mtu aliyekaa chini ya meza."

"Profesa wa panya analipwa kiasi gani?"

"Tano na nusu."

"Hicho ni kikomo. Nauliza mshahara wake mzima."

"Sijui."

"Ni mume wa dada yako."

"Ni shemeji yangu, ndiyo. Na sijui. Kwao ukitaja mshahara watu wote wanageuka mabingwa wa hali ya hewa, wanakueleza mvua itanyesha lini."

Sindano aliandika neno moja, akalifunika kwa kiganja. "Neno lako la siri lilitokaje?"

"Halikutoka, afande, lilikabidhiwa. Ofisini kwetu kila mtu analiandika, analitia kwenye bahasha, anampa Mkurugenzi. Mtu akiugua, kazi isilale. Ndio utaratibu."

"Na miezi yote hiyo hukuliona jina la mama yako?"

"Mezani kwangu kuna namba za nafasi. Majina yanakaa ofisi ya mishahara." Alivuta pumzi. "Kwangu mimi, mama alikuwa namba tisa."

"Akaunti yake ulikuwa unaijua?"

"Naijua ile ya mafao ya marehemu baba. Hii nyingine nimeijulia humu ndani."

"Aliyempeleka benki kuifungua ni nani?"

Mhasibu alitazama viganja vyake. Feni ilimaliza mzunguko, ikaanza mwingine.

"Muulize mwenyewe. Ila usimpandishie sauti, afande. Presha yake ikipanda, ni mimi ninayejua dawa zilipo, na mimi niko hapa."

*

Nyumba ya mama ilikuwa ya vyumba vitatu, uani kumefagiliwa mpaka udongo unaonyesha mistari ya ufagio. Mama mwenyewe alikuwa mfupi, mnene, mwenye macho yanayokukagua viatu kabla hujavivua. Alimkaribisha Sindano sebuleni na kumwekea chai bila kuuliza kama anataka.

Kitu cha kwanza Sindano alichokiona ni friji. Lilikuwa jipya, refu, la milango miwili, na limesimama sebuleni kwa kuwa halikupita mlango wa jikoni. Alilitazama kama askari anayemtazama mtu aliyemtafuta muda mrefu.

"Friji zuri, mama."

"La binti yangu mdogo, huyo mliyemchukua. Kalikopa, analilipa kidogo kidogo. Mwezi uliopita vijana wa dukani walikuja na mkokoteni kulibeba. Nikachukua kiti, nikaketi mbele ya mlango wake. Wakasema mama inuka. Nikawaambia nibebeni nalo."

"Wakafanyaje?"

"Wakanipima kwa macho, wakaondoka."

Sindano alichovya mdomo kwenye chai. Mtu anayeiba milioni mbili kwa mwezi hahitaji mama yake amlindie friji la mkopo. Alifunga mlango huo kichwani na kufungua mwingine.

"Na kazini kwako unaendeleaje, mama?"

"Kazini wapi?"

"Chuoni. Umeajiriwa kupima uzito wa panya."

Mama aliweka kikombe chini. "Mwanangu, mimi panya nawawekea sumu. Uzito wao wa nini?"

"Mshahara unaingia kwenye akaunti yako. Ile ya pili."

Mama alichukua kikombe chake tena.

"Akaunti haijifungui, mama. Ulikwenda benki, ukapigwa picha, ukatia sahihi. Nani alikupeleka?"

"Binti yangu."

"Yupi?"

Mama alinyoosha kitambaa cha meza ambacho kilikuwa kimenyooka. Alikinyoosha upande huu, akakinyoosha upande ule.

"Ninao wawili," alisema.

"Ndiyo maana nauliza."

"Mkubwa ana watoto wanne na mume mwenye jina. Mdogo hana mtoto. Ananipikia, ananipeleka hospitali, analala chumba hicho hapo. Wote tumbo ni hili hili. Leo unakuja hapa, unakunywa chai yangu, unaniambia nimnyooshee mmoja kidole."

"Mmoja ameshanyooshewa, mama. Yuko ndani. Kesho asubuhi anasomewa mashtaka, na kwa pesa hizo hatatoka leo wala kesho."

"Nimesikia."

"Kama siye aliyekupeleka, nitajie neno moja tu. Usiku wa leo atalala chumba hicho hapo."

Mama alitazama mlango wa chumba. Ulikuwa wazi kidogo, na ndani ulionekana upande wa kitanda kilichotandikwa. Aliutazama muda mrefu hata Sindano akadhani neno linakuja.

"Chai yako inapoa," alisema mama.

*

Ofisi ya mishahara ilimpa Sindano karatasi mbili bila ubishi, kwa kuwa karani wake alikuwa na haraka ya chakula cha mchana. Alizisoma akiwa amesimama koridoni, akazisoma tena, kisha akapanda ngazi kwenda kwa Mkurugenzi wa ruzuku.

Zulia la Mkurugenzi lilikuwa nene kiasi cha kumfanya mgeni ahisi amekanyaga paka. Mkurugenzi alikuwa nadhifu, miwani myembamba, sauti ya kumlaza mtoto. Alimmiminia mgeni maji.

"Tumesikitika sana," alisema. "Binti mchapakazi. Lakini mfadhili ametuwekea kisu shingoni. Akipata jina la mhusika kabla ya wiki kwisha, ruzuku inaendelea. Asipopata, anafunga kila kitu na anadai pesa yake yote. Watu arobaini watakosa kazi."

"Na panya."

"Na panya, ndiyo." Alitabasamu kwa adabu.

Sindano aliweka karatasi ya kwanza mezani. "Haya ni malipo ya nafasi namba tisa. Mwaka jana mzima, milioni mbili na themanini elfu kila mwezi. Ikafika Januari, akapata milioni moja, laki tano na themanini elfu. Amekatwa nusu milioni kamili, na tangu hapo haijabadilika. Kwa nini?"

"Pengine aliingiwa na hofu. Wezi wana hofu."

"Mwizi mwenye hofu huacha, au hukimbia. Sijawahi kumwona aliyejikata mshahara, kisha akaendelea kuja kazini kwa uaminifu."

"Mimi si mpelelezi, bwana."

"Januari kuna kitu kingine kilibadilika?"

Mkurugenzi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. "Januari mambo mengi hubadilika. Kalenda, kwa mfano."

"Kikomo cha mfadhili kilipanda. Kutoka tano kikawa tano na nusu."

"Sadfa tu."

"Inawezekana. Naomba kuiona barua ya ajira ya profesa wa panya. Nataka kujua mshahara wake kamili."

Miwani ilirudi usoni. "Hiyo ni siri ya mwajiriwa, na iko chini ya ufunguo wangu. Niletee amri ya mahakama, utaipata saa hiyohiyo."

"Amri haitoki kabla ya kesho mchana."

"Basi kesho mchana," alisema Mkurugenzi, kwa sauti ileile ya kumlaza mtoto. "Ofisi iko wazi."

Kesho mchana mhasibu angekuwa ameshatoka kizimbani na kupelekwa gerezani kusubiri kesi. Wote wawili walilijua hilo. Sindano alikunywa maji yake yote, taratibu, akaweka bilauri chini.

"Sawa. Kabla sijaondoka, ningependa kumpa Profesa pole. Ni mambo ya familia."

Mkurugenzi hakuona ubaya wa pole. Alinyanyua simu.

Profesa aliingia na koti jeupe la maabara, kifua mbele, nywele za pembeni zimechomoka kama amepigwa na upepo wa peke yake. Hakuketi.

"Sina muda," alisema. "Nina panya mia mbili wanaonisubiri."

"Hawatakwenda popote," alisema Sindano. "Pole na masaibu ya shemeji yako."

"Inauma. Kazi hii nilimwombea mimi mwenyewe."

"Mjini wanasema ni wivu. Wanasema dada yake kaolewa na mtu mkubwa, yeye kabaki kwa mama."

"Binadamu ni binadamu," alisema Profesa, na hakuonekana kuudhika sana na habari hiyo.

"Hapo ndipo ninapochanganyikiwa." Sindano alikuna shingo. "Mtu mkubwa kivipi? Nimetoka ofisi ya mishahara sasa hivi. Profesa analipwa milioni tano na nusu. Nina binamu anauza mabati, hajui hata kuandika jina lake vizuri, na anapata zaidi ya hapo."

"Bwana mpelelezi," alisema Mkurugenzi.

"Hicho ni kikomo cha mfadhili," alisema Profesa. "Usichanganye mambo usiyoyajua."

"Naelewa. Kuna ile nyongeza ya chuo. Lakini Mkurugenzi hapa amenieleza kwamba fungu limekauka, nyongeza hakuna." Mkurugenzi hakuwa ameeleza lolote la namna hiyo. "Nikasikitika, wallahi. Mtu na elimu yake yote, amebanwa kama karani."

"Profesa," alisema Mkurugenzi, "panya wako wanakusubiri."

Lakini shingo ya Profesa ilikuwa imeshavimba. "Limekauka kwa wengine. Mimi sijabanwa. Mimi napata changu kamili, kila mwezi, bila pengo."

"Sita?"

"Sita wanalipwa waliokuwa wanafunzi wangu. Saba na themanini elfu. Na chuo kingine kiliniita kwa tisa, nikakataa."

"Saba na themanini."

"Elfu. Iandike vizuri."

Sindano aliiandika vizuri. Mkurugenzi alisukuma kiti chake nyuma kidogo, kama mtu aliyeona maji yanakuja.

"Mimi hesabu zangu ni za darasani," alisema Sindano, "mnisahihishe. Saba na themanini elfu, toa kikomo cha mwaka jana, tano. Zinabaki mbili na themanini elfu. Ndio mshahara wa msaidizi wa panya, mwaka jana mzima. Kikomo kikapanda, tano na nusu. Saba na themanini elfu, toa tano na nusu." Aligeuza karatasi ikamwelekea Profesa. "Moja, laki tano na themanini. Ndio mshahara wa msaidizi wa panya tangu Januari. Bosi anapandishiwa kikomo, msaidizi anashushwa mshahara, mwezi uleule, kiasi kilekile."

Profesa aliitazama karatasi bila kuigusa.

"Mwizi huchukua anachoweza kubeba. Huyu alichukua panapopelea tu, hadi ile themanini elfu inayoning'inia nyuma kama mkia. Pengo likipungua, naye anapunguza. Kwa miaka yangu yote sijakutana na mwizi wa aina hiyo. Huyo ni mtu wa ofisi, hawezi kulala mpaka hesabu zifungike."

"Mhasibu ni mtu wa ofisi," alisema Mkurugenzi.

"Ni kweli. Lakini mhasibu anaona mpaka kwenye kikomo. Mshahara wenyewe uko kwenye barua, barua iko chini ya ufunguo wako, umeniambia sasa hivi."

"Dada yake angeweza kumwambia."

"Angeweza." Sindano aliinua karatasi ya pili. "Tuseme alimwambia. Hii ni ya Profesa. Ofisi ya mishahara inamlipa tano na nusu, basi, hakuna senti nyingine inayotoka chuoni. Naye amesimama hapa mbele yako akasema anapata saba na themanini kamili, bila pengo. Iliyobaki unaipata wapi, Profesa?"

Profesa aliketi. Aliketi ovyo, koti likamkunjamana mabegani.

"Ni mshahara wangu," alisema. "Nimeufanyia kazi. Barua inasema saba na themanini. Sijala cha mtu."

"Hakuna aliyesema umekula. Nimeuliza unaipata wapi."

"Nilikwambia uweke mtu wa mbali." Sauti ya kumlaza mtoto ilikuwa imekwisha, Mkurugenzi alikuwa amemgeukia Profesa mzima mzima. "Nikakwambia mtu wa mbali, asiyejulikana. Wewe ukaniletea mama mkwe."

"Na wewe ulisema fungu limekauka. Ulisema nikiondoka, Mkuu wa chuo atakuondoa na wewe. Ulinishika mikono hapa hapa ukanisihi."

"Na mkatumia neno la siri la shemeji yako," alisema Sindano.

Mkurugenzi alifungua mikono. "Ruzuku ya panya iko mezani kwake. Ningetumia la nani?"

"Na alipokamatwa, mkanyamaza?"

Profesa alitazama zulia.

"Mfadhili alitaka jina moja," alisema Mkurugenzi. "Tulikuwa nalo moja."

Sindano alisimama, akafungua mlango, akamwita askari aliyekuwa koridoni.

*

Jua lilikuwa bado linagusa dirisha la kaunta waliporudi kituoni. Mkuu wa kituo alisoma maelezo ya watu wawili, moja baada ya jingine, midomo ikimcheza. Alichukua faili la mhasibu, akachana ukurasa wa juu vipande viwili, kisha akaviunganisha tena kwa gundi kwa kuwa taratibu zilikataza kuchana.

"Kadi ya benki iko kwa nani?" aliuliza.

"Profesa anasema iko kwa mkewe," alisema Sindano. "Nimemwita."

Mke alikuwa ameshafika. Alikaa kwenye benchi la mapokezi, mwanamke wa miaka arobaini hivi mwenye kola iliyonyooka kama ya mdogo wake, na magotini alikuwa na mfuko wenye shati safi la mumewe. Sindano alipomsogelea alifungua mkoba kabla hajaombwa. Kadi ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wenye zipu. Aliiweka mkononi mwa Sindano.

"Mimi ndiye niliyekuwa natoa," alisema. "Kila mwisho wa mwezi. Mume wangu aliniambia ni haki yake, chuo kinailipa kwa njia ya kuzunguka. Sikuuliza kuzunguka wapi."

"Na aliyempeleka mama benki ni wewe."

"Ni mimi."

"Utaandika maelezo. Subiri hapa."

Koplo wa kaunta alikuwa anamtoa mhasibu. Alimrudishia saa, mkanda na pochi, akamwonyesha pa kutia sahihi. Mhasibu alitia sahihi, akavaa saa, na alipogeuka ndipo alipomwona dada yake kwenye benchi.

"Dada."

"Wamekuachia." Dada alisimama nusu, akaketi tena. "Namshukuru Mungu. Nilikuwa nawaambia watoto, mama mdogo atatoka tu."

"Shemeji yuko wapi?"

"Wamempeleka nyuma huko. Naomba umwambie huyu afande anipokelee shati, anasema mpaka nijaze sijui kitu gani."

Mhasibu alitazama shati, akatazama kadi mkononi mwa Sindano. Alikwenda mpaka mbele ya benchi, akasimama.

"Ulijua niko humu tangu jana asubuhi?"

"Nilijua jana mchana."

"Na kadi ilikuwa kwenye mkoba wako."

"Mdogo wangu, ningefanyaje? Nina watoto wanne. Nilidhani watakuhoji, wataona hujui lolote, watakuachia. Usiku sikulala. Uliza mtu yeyote kama nililala."

"Ungekwenda kwa mama. Mama angewaambia ni wewe uliyempeleka benki. Angesema tu."

Dada alikunja mdomo wa mfuko, akaukunjua. Koplo wa kaunta alijifanya anasoma tangazo ambalo lilikuwa limebandikwa pale tangu aajiriwe.

"Nilikwenda kwa mama," alisema dada. "Jana jioni. Nilimwambia yote. Nilimwambia nakwenda kituoni."

"Halafu?"

"Akanizuia mlangoni. Akasema nina watoto wa kulea. Akasema wewe huna anayekulilia, na wewe ni mvumilivu, utatoka." Alifuta uso kwa shati la mumewe. "Nilitaka kuja. Ni yeye aliyeniambia ninyamaze."

Mhasibu alisimama vilevile. Nje, pikipiki ilipita, ikapiga honi, ikaenda zake.

"Nitakupeleka nyumbani," alisema Sindano. "Gari lipo."

"Nyumbani wapi, afande?"

Sindano alikumbuka chai, na mlango ulioachwa wazi kidogo.

Mhasibu alivua saa. Aliiweka juu ya kaunta, akafungua mkanda, akauweka kando ya saa, na pochi juu yake, kwa mpangilio uleule Koplo alioutumia kumrudishia.

"Pale nilipolala jana," alimwambia Koplo, "mmeshampa mtu?"

Koplo alimtazama Sindano. "Hapana, dada. Pako wazi."

"Basi nifungulie. Kesho kukicha nitakwenda kutafuta chumba."